Maji ya Nyakariba

Kama Katibu Theonest angesema ukweli siku ile, Matiasi naye asingesema uongo. Hilo Matiasi analishikilia mpaka kesho, na ukimbishia anainuka anakuacha umekaa peke yako.

Aliitwa ofisini Jumatano, Februari ya mwaka sabini na tisa. Vita ilikuwa imepamba moto huko mpakani na Uganda, na kijijini chumvi ilikuwa inapimwa kwa kijiko. Theonest hakumwonyesha kiti. Alimwambia kwamba Jumamosi wanakuja wageni kutoka wilayani Ngara, na Mzungu mmoja pamoja nao, watatembezwa mtoni siku nzima waone magulio na vijiji vya ujamaa vya kando ya Ruvuvu. Na kwa kuwa anayeujua mto ule vizuri ni mtu mmoja tu, basi mtu huyo atawapeleka. Matiasi akauliza wanatafuta nini. Theonest akasema hawatafuti kitu, wanatembea tu.

Matiasi akatoka mle akijisemea kwamba hajawahi kumwona mkubwa wa serikali anayetembea tu. Mara ya mwisho walipokuja kutembea tu ilikuwa mwaka sabini na nne. Walitembea Nyakariba, kule chini mtoni alikozaliwa yeye na baba yake, wakaisifu migomba yake, wakanywa pombe yake, wakaandika kwenye daftari. Wiki tatu hazikupita, likaja lori la Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Mkewe Adelfina alikuwa kitandani, kifua kimembana, na Matiasi akaomba wamwache hata siku nne apate nafuu. Aliyekuwa ameshika orodha ya majina ni huyuhuyu Theonest, kijana wakati ule, akasema orodha haina sehemu ya wagonjwa. Wakashushwa juu ya kilima penye majani matupu, pasipo nyumba wala maji, wakaambiwa hiki ndicho kijiji. Mvua ikawanyeshea usiku wa pili. Siku ya tatu Adelfina akafa.

Matiasi alimrudisha kwa mtumbwi wake mwenyewe, akamzika Nyakariba nyuma ya nyumba iliyokwisha kuezuliwa, bila kumwomba mtu ruhusa. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani: kurudi pale, ajenge kibanda, na siku yake ikifika alazwe pembeni ya mkewe. Mara mbili aliomba, mara mbili akakataliwa. Lakini Nyakariba ilikuwa bado tupu, haina mwenyewe, na kila alipopita na mtumbwi alishuka akang'oa majani kaburini. Alichokuwa anakiogopa ni siku wakubwa watakapoikumbuka.

Mwenzake wa kasia alikuwa Bukuru, Mrundi aliyevuka mto mwaka sabini na mbili akikimbia mauaji, mtu wa maneno mengi. Ijumaa waliunganisha mitumbwi miwili kwa miti ya kukingama na kamba za mafunjo, kama wanavyofanya wakivusha ng'ombe, kisha wakapanga juu yake mbao na madawati ya shule. Bukuru akasema ameshasikia kwamba wageni hao wanatafuta mahali pa kambi ya jeshi. Jioni akasema la, ni ranchi, wanataka bonde lenye nyasi na maji. Matiasi akamwambia achague moja. Bukuru akasema yote mawili ni mamoja, kwa sababu yeye alichojifunza kwao ni kwamba anayekuja kukuhesabu anataka kujua pa kukupata.

Jumamosi wageni wakaja kwa Landrova, wamepitia Kasulo, vumbi mpaka kwenye kope. Mkubwa wa wilaya alikuwa na tumbo na kofia. Mzungu alikuwa mwembamba, mkimya, na mkononi alishika kamba ndefu yenye mafundo, na mwisho wa kamba chuma. Alikuwapo pia mwalimu Deodata, msichana wa Kihaya aliyehamishiwa shule ya kata mwaka ule, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kutafsiri. Yeye peke yake ndiye aliyemwamkia Matiasi. Alimpa shikamoo yake, Matiasi akaitikia marahaba, na moyoni akajiuliza huyu naye anataka nini.

Hawakufika mbali Mzungu akaanza kutumbukiza kamba yake. Anaishusha, inagusa chini, anaivuta, anahesabu mafundo yaliyolowa, anaandika. Bukuru akambatiza Bwana Kamba papo hapo, kwa Kirundi ili wasisikie. Matiasi hakucheka. Mtu anayetembea tu anapima kina cha mto kwa ajili ya nini?

Gulio la kwanza lilikuwa Kigoyi. Matiasi alipoona kilichoanikwa pale alidhani macho yamemdanganya. Palikuwa na magunia mawili ya sukari, maboksi ya sabuni, chumvi, na madumu ya mafuta ya taa. Vitu ambavyo kijiji hakikuwa kimeviona tangu vita ianze vilikuwa vimepangwa juu ya mikeka, na nyuma yake wamekaa akina mama waliovaa kanga safi, wametulia kama wanaopigwa picha. Aliyekaa mbele alikuwa Esperansia mfinyanzi, na vyungu vyake sita. Matiasi akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini ampimie nusu kilo ya sukari. Esperansia akajibu bila kusogeza midomo kwamba sukari hiyo ni ya kutazamwa, na atakayeigusa Katibu amesema atamjua. Mkubwa wa wilaya akapita akitikisa kichwa kwa furaha. Mzungu akauliza maswali mawili matatu, akaandika.

Sasa, kutoka Kigoyi mpaka kijiji cha pili, Murukoma, mto unazunguka. Unakwenda kushoto, unarudi, unakwenda tena kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, na kwa kasia ni karibu saa mbili. Lakini kwa njia ya miguu, ukikata kilima, hata nusu saa haifiki. Jambo hilo kila mtu wa pale analijua, ila mgeni aliyekaa juu ya dawati katikati ya mafunjo hawezi kulijua.

Walipofika Murukoma, gulio lilikuwa limejaa. Sukari magunia mawili. Sabuni. Chumvi. Gunia moja lilikuwa limeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu, na uzi huo Matiasi alikuwa ameuona Kigoyi. Na mbele amekaa Esperansia na vyungu vitano, kimoja bila shaka kimevunjikia njiani, jasho linamtiririka mpaka shingoni na miguu ina vumbi mpaka magotini.

Mzungu akasimama mbele yake kwa muda. Akamtazama yeye, akatazama vyungu, akamwambia Deodata neno. Deodata akashusha macho, akasema mgeni anauliza kama huyu mama ana ndugu Kigoyi. Theonest akawahi kujibu. Akasema vijiji vya ujamaa vinafanana, hayo ndiyo matunda yake.

"Na Esperansia ndiye ujamaa wenyewe," Bukuru akanong'ona nyuma ya Matiasi. "Yuko kila mahali na hana cha kuuza."

Mkubwa wa wilaya akasafisha koo. Mzungu akafunga daftari lake kabla hajaandika lolote, na tangu hapo uso wake ukabadilika. Hakuuliza tena habari za magulio. Alikaa mbele ya mtumbwi akaangalia ukingo wa mto, akashusha kamba na kuipandisha, na kila walivyozidi kushuka ndivyo alivyoishusha mara nyingi zaidi.

Matiasi alikuwa anahesabu. Penye mawe ya viboko, mara moja. Kwenye kona ya matete, mara mbili. Walipoanza kuiona migomba ya Nyakariba, ile iliyobaki porini bila mtu wa kuipogoa, Bwana Kamba akashusha kamba mara tatu, akainua mkono. Deodata akasema mgeni anaomba wasimame hapo.

Matiasi akajifanya hajasikia, akaendelea kupiga kasia. Theonest akamwambia kwa ukali asimamishe. Akasimamisha.

Mzungu akaruka nchi kavu. Akapanda taratibu penye njia iliyokuwa njia ya Adelfina ya kuteka maji, akafika palipokuwa nyumba, pamebaki mafiga matatu na udongo wa ukuta ulioyeyuka. Akachota udongo kiganjani, akausagasaga. Akapima hatua kutoka mtoni. Akageuka huku, akageuka kule, akaangalia mteremko, na Matiasi aliyemfuata nyuma aliona jambo moja tu: mtu amependezwa. Aliwaona hivyohivyo mwaka sabini na nne. Akasogea akasimama kati ya Mzungu na yale mawe ya kaburi, ili kama atapita, ampitie yeye kwanza.

Mkubwa wa wilaya alikuwa amekwenda kichakani kujisaidia. Theonest na Bukuru walikuwa wamebaki majini wakiokota madawati yaliyoteleza. Juu pale walikuwa watatu tu. Mzungu akamgeukia Matiasi, akazungumza kwa kirefu, na Deodata akatafsiri polepole.

"Baba, anasema leo tangu asubuhi ameonyeshwa vitu, na hajui ni kipi cha kweli. Anasema wewe ndiye uliyeufanyia kazi mto huu, hukuvaa nguo mpya kwa ajili yake. Anakuomba neno moja la kweli. Wakati wa masika, maji yanafika wapi?"

Ukweli ulikuwa pale pale, mbele ya macho yao. Nyuma ya mafiga palikuwa na kichuguu kirefu kumzidi mtu, na mtu yeyote wa Ngara, hata mtoto, anajua kwamba mchwa hawajengi mahali maji yanapofika. Babu yake Matiasi aliijenga nyumba pale kwa sababu ya kichuguu hicho. Katika maisha yake yote maji yalifika kwenye migomba ya chini, yakakaa siku chache, yakarudi.

Lakini Matiasi alifikiri hivi: nikisema pakavu, wamepachukua. Iwe kambi, iwe ranchi, watafyeka, watalima kwa trekta, na tingatinga halisomi kaburi. Nikisema panafurika, wataondoka zao na kuniachia.

"Yanafika hapa," akasema, akaweka mkono kiunoni. "Yanapita juu ya mafiga. Mwaka sabini na nane tulipita hapa na mtumbwi."

Deodata akatafsiri. Mzungu akasikitika, na akasikitika kweli, uso wote ukaanguka. Akaenda akaegemea kichuguu. Mzungu akakipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe, akatoa kalamu, akaliweka daftari juu ya kichuguu chenyewe na kuandika huko huko kwamba mahali hapa panafurika. Mwalimu naye ni mtu wa mjini, aliyajulia wapi mambo ya mchwa. Akamshukuru Matiasi kwa niaba ya mgeni, na wakashuka.

Safari iliyobaki Matiasi alipiga kasia kama kijana. Bukuru akamwuliza kwa nini anatabasamu, akamwambia anyamaze apige kasia. Katika kijiji cha tatu wakala mbuzi, hotuba zikasomwa, na sukari ilikuwapo vilevile, ingawa mara hii gunia lilikuwa moja. Saa kumi wakawa wamefika kwenye kivuko, na Landrova ikiwasubiri.

Hapo ndipo Deodata alipomfuata. Wenzake walikuwa wanapakia mizigo. Alimwambia asante, kwamba amewaokoa watu wasije wakapelekwa kufa maji. Matiasi akauliza watu gani.

"Kumbe hamkuambiwa, baba?" Deodata akasema. "Huyu ni mtu wa maji. Kule kilimani mlikowekwa hakuna maji, watoto wanakufa kwa kuharisha, na taarifa zimefika wilayani. Alikuja kuona kama mnaweza kurudishwa mtoni. Palipotajwa ni pale Nyakariba. Sasa itabidi mpelekwe upande wa Biharamulo, huko kuna mahali wamechimba visima."

Matiasi hakumwamini. Alimtazama usoni akitafuta mahali uongo ulipojificha. Labda ni mtego. Labda wameshtuka, wanataka afute maneno yake, wapachukue Nyakariba kwa ulaini. Akamwacha amesimama, akamwendea Theonest aliyekuwa anafunga buti la gari.

"Ulijua?" akamwuliza.

Theonest hakujifanya hakuelewa. "Nilijua."

"Na ukaniambia wanatembea tu."

"Ndivyo nilivyoamriwa niseme. Mngejua, mngeanza kubeba magodoro kabla ya barua. Na wewe ungekuwa wa kwanza, Mzee Matiasi, usinibishie."

Hilo Matiasi aliliamini mara moja, kwa sababu lilifanana nao. Akili yake yote ikahamia kwenye daftari moja tu, lililokuwa mfukoni mwa Mzungu. Akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wa wilaya, aliyekuwa tayari mguu mmoja ndani ya gari, akasema mbele ya wote kwamba alidanganya. Maji hayafiki. Hayajawahi kufika. Akaeleza habari ya kichuguu na mchwa, akaeleza migomba ya chini, maneno yanagongana mdomoni.

Mkubwa wa wilaya akamsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Matiasi zaidi.

"Mzee wangu," akasema, "leo nimeonyeshwa gunia moja la sukari mara tatu, nikalisifu mara tatu. Nikisema sasa nianze kuamini, nianzie kwako?"

Matiasi akaomba warudi wakaone. Dereva akasema petroli yenyewe ni ya kibali, vita inaila yote, na iliyomo inatosha kufika nyumbani tu. Mzungu akauliza kinachoendelea. Deodata akamweleza. Mzungu akamtazama Matiasi kwa muda mrefu, bila chuki, kama alivyovitazama vile vyungu vya Esperansia. Kisha akasema maneno machache.

"Anasema amepata majibu mawili kwa mtu mmoja, siku moja," Deodata akatafsiri. "Hawezi kufuta moja kwa ajili ya jingine. Anasema mtu akikaa pale masika yote, akaona kwa macho, na ikaandikwa, hapo ataamini. Taarifa yake anaipeleka mwezi wa sita."

Gari likaondoka. Theonest akasema haya, madawati yarudi shule. Matiasi akafungua mitumbwi, akachukua wake, madawati akayaacha mchangani.

Jumatatu hakuonekana kwenye shamba la kijiji. Alikuwa Nyakariba anakata miti ya kibanda. Bukuru alimletea mihogo na habari: Katibu ametangaza kwamba kuondoka kijijini bila ruhusa wakati wa vita ni kosa, na mgambo watatumwa. Matiasi akasema waje, ila waje masika.

Machi mvua ikaanza. Akachomeka vijiti mfululizo kutoka ukingoni mpaka mlangoni, na kila asubuhi akatoka kutazama. Mto ukajaa, ukawa mwekundu. Ukachukua kijiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Matiasi alikuwa hamwamini Katibu, hamwamini mkubwa wa wilaya, na mwalimu mwenyewe alikuwa anamwamini nusu. Lakini mto alikuwa hajawahi kuushuku. Sasa akaanza. Maji yalipoingia kwenye migomba ya chini aliacha kulala vizuri. Itakuwaje kama mwaka huu, kwa ukaidi tu, yakipanda? Akakaa mlangoni, gunia kichwani, akiyatazama kama anavyotazamwa mtu asiyejulikana aliyesimama uani kwako na hasemi shida yake.

Mwisho wa Aprili, redio ya kijiji imeshatangaza kwamba Kampala imeanguka, Theonest alikuja kwa mtumbwi na mgambo wawili. Mvua ilikuwa inanyesha. Alishukia kwenye migomba, maji yakimfika magotini, akapanda mpaka nchi kavu, akasimama. Akatazama mafiga. Akatazama vijiti. Akakitazama kichuguu, na huyo alikuwa mtu wa Ngara, hakuhitaji mkalimani.

"Yamesimama lini?" akauliza.

"Siku ya tisa leo. Hesabu hatua mwenyewe, mimi usiniamini."

Theonest akahesabu kutoka ukingo wa maji mpaka mlangoni. Hatua thelathini na moja. Mgambo wakabaki nyuma, hawajui kama wamkamate mtu au waingie ndani wajikinge. Theonest akasimama akimtazama Matiasi, kisha bila kupenda macho yake yakaenda nyuma ya kibanda, kwenye yale mawe, yakarudi haraka. Akafungua mkoba, akatoa daftari, akaliinamia lisilowe.

"Nitaandika kwamba hayafiki," akasema.

"Andika," Matiasi akamwambia. "Andika nikikuona. Halafu karatasi hiyo hutaondoka nayo. Nitampelekea mwalimu mwenyewe, anisomee neno kwa neno, ndipo iende wilayani."

Theonest akatoa kalamu. Maji yakamdondoka kutoka kwenye kofia. Akaandika.